Bakapu ya kampuni: programu ya leseni, programu huria au huduma ya wingu?

Katika miaka minane kampuni yetu imezipitia njia zote tatu za kufanya bakapu, yaani kutunza nakala za akiba za data. Tulianza na programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi na hazidai leseni, kwa sababu fungu halikuwepo, tukanunua programu ya leseni baada ya tukio nitakalolisimulia, na siku hizi sehemu ya mzigo tumeipeleka kwenye huduma ya wingu. Kila tulipohama, barua ya maombi kwa uongozi ilizungumzia bei. Nikizisoma leo naona bei haikuwa sababu hata mara moja. Tulichokuwa tukibadilisha ni mtu atakayekesha siku seva ikifa: fundi wetu peke yake, fundi wetu akisaidiwa kwa simu na aliyetuuzia, au mtoa huduma aliye mbali.

Sisi ni kampuni ya kati. Tuna mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva) kama 40, seva mbili za kawaida zilizobaki kwa sababu mfumo wa stoo ni wa zamani na hauhamishiki, hifadhidata ya uhasibu, na barua pepe ambazo tayari ziko kwenye wingu. Data zote pamoja ni kama terabaiti (TB) 12. Mwenye kompyuta tano hahitaji mjadala huu wote, na mwenye maelfu ya seva ana washauri wake. Nawaandikia waliokwama katikati.

Wanaoshindanishwa

Kundi la kwanza ni programu za leseni unazoziweka kwenye seva zako mwenyewe: Veeam, Commvault, NetBackup na wenzao. Umri wao unaeleza tabia zao. Mizizi ya NetBackup na Commvault inarudi miaka ya 1980, ndiyo maana zinafahamu mifumo ambayo wengine wameshaisahau. Veeam ilianzishwa mwaka 2006, wakati mashine pepe zikishika kasi, na mpaka leo huko ndiko inakojisikia nyumbani.

La pili ni programu huria. Bacula ilianza kuandikwa mwaka 2000 na Kern Sibbald, kisha ikazaa Bareos. Proxmox Backup Server ni mgeni kidogo, toleo lake la kwanza lilitoka Novemba 2020. Halafu kuna restic na BorgBackup, ndogo kwa umbo lakini zinafanya kazi ya kiume.

La tatu ni huduma za wingu kama Azure Backup, AWS Backup na Druva. Unaweka kiprogramu kidogo kwenye seva, au unaunganisha akaunti tu, na nakala zinakaa kwa mtoa huduma. Unalipa kwa mwezi.

Vigezo

Kabla ya kulinganisha chochote, tafuta namba mbili: mfumo unaweza kusimama kwa muda gani kabla kazi haijaharibika, na kazi ya muda gani mko tayari kuirudia upya. Usijijibie mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika "saa 8" kwa mfumo wa uhasibu, nikaona nimekuwa mkali. Mkuu wa fedha alipoiona alicheka. Akasema katikati ya mwezi anavumilia hata siku mbili, lakini wiki ya mishahara hata saa mbili hana. Kwa hiyo namba zilikuwa mbili kwa mfumo uleule, na hakuna fundi ambaye angezijua bila kumuuliza.

Ukishazipata, pima kila kundi kwa mambo matano: kurudisha data, usalama wa nakala adui akishaingia ndani, gharama, watu, na namna ya kutoka. Nimeyapanga kwa uzito ninaoyapa mimi, na la kwanza nitalikalia zaidi.

Kurudisha

Programu za leseni zina nguvu hapa, na si maneno ya wauzaji tu. Nyingi zinaweza kuiwasha mashine pepe moja kwa moja kutoka kwenye faili la bakapu, watu wakaendelea na kazi huku data zikihamishwa kimyakimya kwenda kwenye diski zake. Seva yetu ya mafaili ilipokufa asubuhi moja, ndani ya dakika kumi na mbili ilikuwa hewani. Dosari niliiona dakika ya kumi na tatu: diski za bakapu tulizinunua kwa ukubwa, hatukuangalia kasi. Watu waliingia, lakini kila faili lilifunguka kwa kukokota, na simu za malalamiko zilikuwa nyingi kuliko wakati seva imezimika kabisa. Ukitaka faida hii, diski za bakapu zisiwe mabaki. Sifa nyingine ni kurudisha kitu kimoja, barua pepe moja au folda moja, bila kugusa vingine. Maombi mengi ya kila wiki ni ya namna hiyo.

Kwa programu huria, jibu linategemea umechagua ipi na umejengaje. Proxmox Backup Server nayo inaweza kuwasha mashine huku ikiendelea kurudisha, mradi mashine zako ziko kwenye Proxmox, jukwaa la kuendeshea mashine pepe. Bacula ina sehemu kadhaa zinazojitegemea: anayeelekeza kazi, anayetunza nakala, wakala kwenye kila seva, na katalogi inayokumbuka faili gani liko wapi. Katalogi ikipotea, data zipo ila huna ramani. Unaweza kuichora upya kwa kusoma nakala zote tangu mwanzo, na usiku huo utakuwa mrefu.

Tukio letu lilitokea wakati wa programu huria, na kosa lilikuwa letu. Ijumaa jioni kadi inayoendesha diski za seva kuu iliungua. Nakala ilikuwepo, nzima, ya saa sita mchana. Nikaweka amri ya kurudisha, na skrini ikauliza neno la siri la kufungulia nakala, maana tulikuwa tumezisimba, yaani kuzifunga zisisomeke bila ufunguo, kama tulivyoshauriwa. Neno la siri lilikuwa kwenye faili la kutunzia maneno ya siri. Faili hilo lilikuwa kwenye folda ya idara. Folda ya idara ilikuwa kwenye seva iliyoungua.

Nilikaa nikiitazama ile mishale ya skrini ikipepesa. Restic na Borg, kwa mfano, hazina mlango wa nyuma; ukipoteza ufunguo, zile TB zote ni kelele. Nikampigia mwenzangu aliyekuwa likizo. "Kaka, samahani, lile neno la bakapu ulilihifadhi popote pengine?" Akanyamaza kidogo. "Si niliwaambia nimelichapa? Bahasha ya kaki, sefu ya uhasibu." Mwenye ufunguo wa sefu alifika saa tatu usiku, amevaa kandambili. Kufikia alfajiri mifumo ilikuwa imesimama. Programu ilifanya kazi yake bila kosa, lakini hapakuwa na mtu upande wa pili wa simu wa kutuuliza mapema kama ufunguo tumeuweka mahali salama. Programu huria inakupa uhuru huo pia.

Huduma ya wingu inaamuliwa na hesabu ya mtandao, na hesabu haina huruma. Kwa intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde (Mbps 100) isiyotumiwa na mtu mwingine yeyote, kushusha TB 1 kunakula kama saa 22. TB 12 zetu zingechukua siku 11. Kwa Gbps 1, yaani kasi mara kumi ya hiyo, zinashuka kwa muda unaozidi siku moja kidogo. Faili moja au sanduku la barua la mtu mmoja halina shida. Seva zote kwa pamoja ni habari nyingine, isipokuwa kama utaziwasha hukohuko kwenye wingu badala ya kuzishusha, jambo ambalo watoa huduma wakubwa wanaliwezesha lakini lazima liandaliwe kabla. Baadhi wanakuruhusu kuweka nakala ya karibuni kwenye kifaa kilicho ofisini kwako. Kama wanatoa hiyo, ichukue.

Kuna jambo linalowahusu wote watatu sawasawa: kuiamini alama ya kijani inayosema bakapu imefanikiwa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, huduma ya kutunzia misimbo ya programu, alifuta data za hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Walipogeukia bakapu walikuta za kila siku hazipo. Programu ya kunakili ilikuwa toleo lisilolingana na hifadhidata, ikawa inashindwa, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Hapa makundi yanatofautiana kwa kiasi. Programu za leseni za daraja la juu zinaweza kuiwasha nakala kwenye mtandao uliotengwa na kukagua kama mfumo unaitika. Veeam inaiita SureBackup. Proxmox Backup Server inahakiki kuwa vipande vya nakala havijaharibika, jambo zuri, lakini haikuambii kama hifadhidata iliyomo inafunguka. Kwa huduma za wingu, uliza swali hili kabla ya kusaini, na usiridhike na jibu la "tunahakiki kila usiku" bila kujua wanahakiki nini.

Adui akiwa ndani

Magenge yanayofunga data na kudai fidia hayaanzi na data zako. Yanaanza na bakapu, ili usiwe na njia nyingine ila kulipa. Kwa hiyo kigezo si kuwa na nakala tu. Ni kuwa na nakala moja ambayo hata msimamizi mkuu hawezi kuifuta kabla ya siku yake.

Programu za leseni zinalengwa zaidi kwa sababu zimeenea. Septemba 2024 Veeam ilitoa kiraka cha tundu la usalama lililopewa namba CVE-2024-40711, na mwaka haukuisha kabla magenge ya fidia hayajaanza kulitumia dhidi ya seva ambazo hazijasasishwa. Kwa upande wa pili, kundi hili lina kinga zilizo tayari: hifadhi ya Linux iliyofungwa, ambamo faili halifutiki mpaka muda wake uishe, na msaada mzuri wa kanda za sumaku za LTO. Kanda ya LTO-9 inabeba TB 18 kabla ya kubana data, na ikishatolewa kwenye mashine na kuwekwa kabatini hakuna mdukuzi anayeifikia. Ushauri wangu kwa wanaochagua njia hii: seva ya bakapu isiingizwe kwenye orodha ileile ya watumiaji wa ofisi. Akaunti ya msimamizi ikiibwa, isiwe ndiyo inayofungua bakapu pia.

Programu huria haina kinga inayokuja ikiwa imewashwa, lakini vifaa vya kuijenga vipo. Borg inaweza kuwekwa katika hali ambayo seva inaongeza nakala tu bila kufuta zilizopo. Proxmox Backup Server inaruhusu kumpa mteja haki ya kuandika bila haki ya kufuta. Ukijenga vizuri unapata ulinzi uleule. Ukijenga ovyo, adui anakuta ufunguo wa hifadhi umeachwa wazi ndani ya hati ya amri, kama sisi tulivyouacha kwa mwaka mzima.

Wingu lina faida ya umbali. Akaunti ni tofauti, jengo ni tofauti, na hifadhi kama S3 ya Amazon ina kufuli la kuzuia kufuta tangu 2018. Lakini kufuli hilo halijifungi lenyewe, na akaunti ya usimamizi isiyo na uthibitisho wa hatua mbili ni mlango usio na komeo. Mtoa huduma naye hukosea. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa UniSuper nchini Australia ulijikuta sehemu ya mazingira yake kwenye Google Cloud imefutwa kwa kosa la usanidi. Miongoni mwa vilivyouwezesha kurudi ni nakala zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine.

Nitie neno la pembeni, kwa sababu bado nasikia mafundi wakisema seva zao "zinalandana, kwa hiyo tuna bakapu". Kulandana ni kila seva kuiga mabadiliko ya mwenzake. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilipoivamia kampuni ya meli ya Maersk, seva zake zinazotunza orodha ya watumiaji zilikuwa nyingi na zinalandana dunia nzima, na zikafutika zote. Iliyobaki ni moja, nchini Ghana, iliyokuwa nje ya mtandao kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.

Gharama

Leseni huhesabiwa kwa idadi ya mashine, kwa prosesa au kwa ukubwa wa data, na kila kampuni ina fomula yake. Kwetu tuligundua tunalipia mashine pepe za majaribio ambazo hakuna aliyeziwasha kwa miezi. Kuzifuta kulipunguza hesabu kuliko mazungumzo yote na muuzaji. Ongeza seva, diski, na mshangao wa mwaka wa kuhuisha mkataba.

Programu huria haidai leseni, ila inadai diski zilezile na saa za mtu. Ukitaka msaada rasmi, Bacula, Bareos na Proxmox zote zina mikataba ya kulipia, na wengi husahau kuiweka kwenye hesabu wanapolinganisha.

Wingu linaanza kwa bei ndogo na kukua bila kelele. Bili yetu ilipanda mwaka wa pili ingawa data hazikuongezeka sana. Sababu: aliyeweka mipangilio alichagua nakala zikae milele. Angalia pia ada ya kutoa data, maana kwa baadhi ya watoa huduma kuingiza ni bure na kutoa ni kwa pesa. Na hifadhi za bei rahisi kabisa zina masharti. Ile ya Amazon iitwayo Glacier Deep Archive inakutoza angalau siku 180 kwa kila kitu unachoweka, na kukitoa kwa njia ya kawaida kunaweza kuchukua mpaka saa 12. Inafaa kwa nyaraka za kisheria. Kwa seva ya mishahara haifai.

Watu

Kwa leseni, fundi mpya anaweza kukabidhiwa mfumo kwa wiki mbili, na wanaoujua wapo wengi sokoni. Kwa programu huria, unategemea mtu aliyeujenga na daftari aliloliacha, kama aliliacha. Wingu linapunguza kazi ya kila siku kuliko yote, na hapo ndipo hatari yake ilipo: hakuna anayeona ripoti ni kazi yake. Seva yetu moja ilikaa wiki tano bila nakala hata moja. Taarifa zilikuwa zinakwenda kwenye anwani ya mtu aliyekwisha kuhama idara.

Kutoka

Hakuna anayelifikiria hili siku ya kununua. Programu za leseni huhifadhi kwa muundo wao wenyewe. Uliza kama kuna zana ya kufungulia nakala baada ya mkataba kuisha. Veeam, kwa mfano, inayo. Programu huria iko vizuri zaidi hapa, kwa kuwa msimbo ni wazi na unaweza kuliweka toleo la zamani pembeni ukalitumia miaka kumi baadaye. Kwenye wingu, kuhama ni kushusha kila kitu au kuendelea kulipa mpaka nakala ya mwisho ifikie umri wa kufutwa. Sisi tulichagua kulipa, na bado tunalipa.

Nani achukue ipi

Kama mifumo yenu karibu yote ni mashine pepe, mna fundi mmoja au wawili wenye kazi nyingine kumi, na idara ya fedha imesema saa mbili ni nyingi, programu ya leseni ina haki ya kugharimu inavyogharimu. Nunueni diski zenye kasi kabla ya kununua leseni ya daraja la juu.

Mwenye timu inayoifahamu Linux kwa dhati, seva nyingi za Linux au mazingira ya Proxmox, na uongozi unaokubali kwamba saa za mafundi ni pesa, atafurahia programu huria. Kama fundi mwenye ujuzi huo ni mmoja tu, subirini kwanza apatikane wa pili.

Ofisi ndogo zilizotawanyika, kompyuta za wafanyakazi wanaosafiri, na barua pepe zilizo kwenye wingu tayari, hizo zinafaa huduma ya wingu. Msidhani kwamba mwenye huduma ya barua pepe ndiye anayewatunzia bakapu. Someni mkataba muone anaahidi kurudisha nini na kwa siku ngapi. Penye data nyingi na intaneti nyembamba, wingu libaki nakala ya pili.

Wengi mtaishia kuchanganya, kama sisi. Mashine pepe ziko kwenye programu ya leseni, seva chache za Linux zinatumia restic kwenda kwenye sanduku lililojitenga, barua pepe ziko kwa mtoa huduma wa wingu, na kila mwisho wa mwezi kanda moja inatoka jengoni. Mchanganyiko una gharama yake: mifumo mitatu ya kukagua badala ya mmoja.

Bado umekwama kati ya mbili? Wauzaji wengi hutoa mwezi wa majaribio, na programu huria hazina kizuizi. Sakinisha zote mbili, acha zifanye kazi wiki mbili, kisha chagua seva moja na umkabidhi mwenzako ambaye hakushiriki kusakinisha. Mpe maelezo yaliyoandikwa tu, anzisha saa, na wewe utoke chumbani. Andika mara ngapi alikuja kukuuliza kitu.